Kamiyo ya otomatiki inajuaje kama iko na tani 36 mgongoni?

Kuna swali moja linalorudi kila mara katika simu za kipindi, na karibu kila mara linatoka kwa mashofere wa njia ya Kasumbalesa. Linakuja hivi: "Bwate ni ya otomatiki, ambreyaji imeungua, patro anasema ni miye. Ambreyaji inaunguaje na miye sina hata pedali yake? Nani alikosa, miye ao ordinatere?"

Swali hilo si la kuchekesha. Ambreyaji ya kamiyo kubwa, ukihesabu kifaa chenyewe, kazi ya mekanisye na siku za kusimama garajini, inaweza kula mishahara ya miezi mingi ya shofere. Wengine wanakatwa mshahara, wengine wanafukuzwa. Na kwenye milima, bwate ikitumiwa vibaya haiungui ambreyaji tu, watu wanakufa. Basi tuangalie hii bwate inafikiri namna gani, inajua nini, na pia haijui nini, maana hapo ndipo shofere anabaki na kazi yake.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanaviita kwa jina moja. Kamiyo nyingi za otomatiki zinazopita Lubumbashi zikibeba shaba kwenda Dar es Salaam ao Durban, na kurudi na sulfuri, mazutu ao mashini, haziko na otomatiki kama ya Toyota Prado. Bwate ya I-Shift ya Volvo, ambayo ilitoka mwaka 2001, Opticruise ya Scania, PowerShift ya Mercedes Actros, TipMatic ya MAN: ndani yake ni bwate ya kawaida, ya meno na mashafti, mara nyingi vitesi 12. Ambreyaji pia ni ya kawaida, diski kavu, sawa na ile ya Howo ya mkono. Kilichobadilika ni mguu na mkono. Mahali pa mguu wa shofere kuna pistoni ya hewa, mahali pa mkono wake kuna pistoni zingine za hewa, na juu ya zote kuna ordinatere inayotoa amri. Kwa hiyo mtu akisema "kamiyo yangu haina ambreyaji", anakosea. Iko nayo, ni pedali tu ambayo haiko.

Ile ya pili, ya Prado, ya pikapu, na ya yale magari makubwa ya kubeba mawe ndani ya migodi ya Kolwezi na Tenke kama Caterpillar 777, inatumia konvertisere: motere inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma bwate. Tutairudia mwishoni.

Sasa, mzigo. Hakuna mtu anayeandika kilo kwenye tablo wakati wa kuondoka. Bwate inajua namna gani?

Fikiria yule kijana anayeleta makala mjini na kinga, mifuko imefungwa nyuma na pembeni mpaka kinga yenyewe haionekani. (Wasomaji wetu wa Goma wafikirie chukudu, ni hesabu moja.) Mfunge macho, mpe kinga ambayo hajaona imepakiwa. Akisukuma mara ya kwanza tu, atakuambia kama ni mifuko miwili ao mine. Anajua nguvu aliyotoa, na anasikia kinga imeitika kwa haraka ao kwa uvivu. Kamiyo inafanya hesabu ile ile. Ordinatere ya motere inajua kila wakati ni mazutu kiasi gani imeingia, basi inajua motere inasukuma kwa nguvu gani. Kipimo kilicho nyuma ya bwate kinahesabu magurudumu yanazunguka kwa haraka gani. Nguvu kubwa, mwendo unapanda polepole: mzigo mzito. Nguvu ndogo, mwendo unaruka: remorke tupu.

Lakini kuna mtego. Kama kinga imekuwa ngumu, labda si mifuko, labda ni mlima. Kijana wa makala akifungua macho ataona mlima. Kamiyo haioni. Kwa hiyo watengenezaji wameweka ndani ya bwate chombo kidogo kinachopima mwinamo, sawa na nivo ya mwashi, ile yenye kipovu cha hewa, lakini hii ni ya umeme. Kamiyo zilizo na suspensheni ya hewa zinaweza pia kusoma presha ya mabaluni na kujua ekseli imebeba kiasi gani. Zenye lame za chuma haziwezi.

Hesabu hiyo haikamiliki mara moja. Inahitaji kuondoka mara moja ao mbili, kubadili vitesi mara kadhaa. Na kwenye kamiyo nyingi, ukizima kontakti, hesabu ya zamani inafutwa ao inawekewa alama ya kutiliwa shaka. Ndiyo sababu shofere aliyeacha remorke tupu na kufunga yenye shaba anaona dakika za kwanza bwate kama imelewa: inaondokea vitesi ya juu sana, inabadili mapema, inarudi. Bado iko inasukuma kinga na macho yamefungwa. Dakika hizo, usiiweke kwenye mlima bila kuisaidia kwa mkono.

Ikishajua kilo na mwinamo, inabadili tabia. Remorke tupu kwenye tambarare, kamiyo inaweza kuondoka na vitesi ya 3 ao ya 4 ao zaidi, na kuruka: 4, 6, 8, 10. Hakuna haja ya kupita zote. Ikiwa imejaa na iko kwenye mwinamo, inaanza na ya 1, inapanda moja moja, na inaacha motere izunguke zaidi kabla ya kubadili. Kwenye tambarare bila mzigo inaweza kubadili motere ikiwa kwenye mizunguko 1,200 hivi. Kwenye mlima na mzigo inangoja 1,500 ao 1,700. Shofere mpya anasikia motere inalia, anafikiri bwate imeharibika. Haijaharibika. Iko na sababu, na sababu hiyo inafaa tuieleze vizuri.

Kila mara bwate ya namna hii inapobadili vitesi, inakata nguvu kwanza. Ambreyaji inafunguka, meno yanabadilika, ambreyaji inafunga. Ni nusu sekunde ao sekunde moja hivi. Kwenye tambarare haina maana. Lakini chukua kamiyo ya tani 56, ule uzito wa juu ambao Zambia na Tanzania zinakubali kwa kamiyo ya ekseli 7 na mzigo wake wote. Iweke kwenye mwinamo wa mita 6 kwa kila mita 100. Ukikata nguvu sekunde moja, inapoteza karibu kilometa 2 na nusu kwa saa. Kama ulikuwa unapanda kwa 20, sehemu ya kumi na zaidi ya mwendo wako imeondoka wakati bwate inabadili tu. Na vitesi mpya inadai motere izunguke polepole zaidi, karibu robo chini. Ukijumlisha vitu viwili hivyo motere inaanguka mahali ambapo haina nguvu, inatetemeka, bwate inalazimika kurudi chini, inapoteza tena sekunde nyingine. Mashofere wanasema bwate "inatafuta-tafuta". Bwate nzuri inafanya hesabu hiyo kabla: nikibadili sasa, nikifika upande wa pili, motere itaweza? Kama jibu ni hapana, inabaki pale pale na kulia.

Na haiwezi kufanya muujiza. Kupandisha tani 56 kwenye mwinamo huo kwa kilometa 30 kwa saa kunadai zaidi ya farasi 400 kwenye magurudumu. Kamiyo ya farasi 440 iko hapo imefika mwisho wake. Kamiyo hiyo hiyo ikiwa tupu, tani 20 hivi, ingepanda mlima ule ule karibu na 80. Kwa hiyo patro anayeweka tani 10 juu ya zile zilizoandikwa kwenye karatasi, halafu anauliza kwa nini otomatiki "haina nguvu", aulize kwanza mizani. Kwa kazi nzito kweli, Volvo walitoa mwaka 2016 I-Shift yenye vitesi za kutambaa, ambayo kiwanda kinasema inaweza kuondosha tani 325, lakini hiyo ni kamiyo nyingine na bei nyingine, na mwendo wake wa kuondoka ni wa kobe.

Kuna kitu ambacho bwate haijui kabisa: kilicho mbele. Weye shofere umeshaona kwamba mlima unaanza baada ya kona. Yeye ataujua magurudumu yakishaanza kupanda, na wakati huo mwendo umeshaanza kupotea. Tangu miaka ya 2010 viwanda vya Ulaya vinauza mifumo inayotumia setilaiti na ramani ya milima, kama I-See ya Volvo, ili bwate ishushe vitesi kabla ya mlima. Ni kitu kizuri sana pale ambapo barabara imeandikwa kwenye ramani hiyo. Kwa kamiyo zilizonunuliwa okazyo, na kwa njia zetu, ramani ni kichwa cha shofere. Ndiyo sababu kile kijiti bado kiko na herufi M: unashusha vitesi moja ao mbili kabla ya mlima kuanza, motere inaingia mlimani ikiwa na pumzi, halafu ukifika juu unairudishia otomatiki kazi yake. Kufanya hivyo si kuharibu bwate. Imetengenezwa kwa hiyo, na inakataa yenyewe ukiomba vitesi ambayo ingevunja motere.

Kushuka, sasa. Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi kuna vilima, lakini mashofere wetu wanaotoka wanakutana na milima yenyewe mbali na nyumbani: kule Zambia, barabara inapoteremka kuelekea Chirundu na mto Zambezi, kule Tanzania, milima ya Mbeya, Nyoka na Iwambi, halafu Kitonga katika mkoa wa Iringa. Majina hayo kila familia ya shofere hapa Lubumbashi inayajua, na si kwa sababu ya mandhari.

Angalia hesabu. Kusimamisha tani 56 zinazokimbia kwa 80, fre zinapaswa kumeza joto fulani. Kushuka mlima wa mita 100 kwa urefu wa wima, bila kuongeza mwendo hata kidogo, kuna joto mara nne ya lile. Yaani ni kama kupiga fre kutoka 80 mpaka kusimama, mara nne, moja juu ya ingine, bila kuacha chuma kipoe. Na milima tuliyoitaja inashuka mita nyingi zaidi ya 100. Fre za magurudumu haziwezi kumeza hayo yote. Zinapata moto, zinatoa harufu, halafu pedali inakuwa laini na haina kitu. Kwa hiyo joto lazima liende kwingine: kwenye motere, kwa fre ya motere, na kwenye ralantisere kama kamiyo iko nayo.

Fre ya motere ina tabia moja inayowashangaza watu: iko na nguvu wakati motere inazunguka haraka. Kwenye mizunguko 1,200 ni dhaifu, kwenye 2,000 na zaidi ndiyo inashika. Kwa sababu hiyo bwate ya otomatiki inayojua kwamba imebeba mzigo, ukivuta fre ya motere, inashusha vitesi na kuacha mizunguko ipande. Kamiyo zingine zina eneo la rangi ya bluu kwenye saa ya mizunguko kuonyesha kwamba hapo ni sawa. Kelele ni kubwa. Shofere anaogopa motere ya patro, anaachilia fre ya motere, bwate inaelewa kwamba sasa anataka kwenda, inapandisha vitesi, na kamiyo inakimbia. Kelele ile ilikuwa inamlinda.

Sheria ya wazee wa barabara ilikuwa: shuka na vitesi uliyopandia. Bado ni nzuri. Na otomatiki, chagua vitesi kwa M juu kabisa ya mlima, wakati bado uko polepole, uiache hapo. Ukingoja mpaka katikati, mwendo ukishakuwa mkubwa, ordinatere itakataa kushusha ili isivunje motere, na hapo hakuna ufundi tena.

Na pwemori. Kuna mashofere wanaweka pwemori kwenye mteremko ili kuokoa mazutu, na sababu tunaijua: mazutu inayobaki inauzwa, na mshahara ni kidogo. Hatutamhubiri mtu mwenye watoto wa kulisha. Lakini kamiyo yenye mzigo kwenye pwemori haina fre ya motere, na ikishakimbia huwezi kurudisha vitesi ndani. Tena haiokoi kile unachofikiri: motere za kisasa, ukitoa mguu kwenye gazi na vitesi iko ndani, zinakata mazutu kabisa. Kwenye pwemori zinakunywa ili zisizime. Kamiyo mpya zingine zinaweka pwemori zenyewe, ni kweli, lakini kwenye mteremko mdogo tu, na zinaitoa mara tu mwendo ukipita kiasi ao ukigusa fre.

Turudi sasa kwa yule wa ambreyaji, maana anangoja kwenye mstari wa Kasumbalesa.

Mstari wa mpakani unasogea mita tano, unasimama, mita tatu, unasimama. Katika kamiyo ya mkono mguu wa kushoto unachoka, na uchovu huo unamwambia shofere kwamba ambreyaji inafanya kazi. Katika otomatiki hakuna kinachochoka. Anagusa gazi kidogo, kamiyo inatambaa, anaachia, anagusa tena. Kila mara anapotambaa polepole kuliko vile vitesi ya 1 inavyotaka, ambreyaji haifungi kabisa: inateleza, diski inasugua, joto linapanda. Na tani 50 nyuma, dakika chache za mchezo huo zinatosha kuleta onyo kwenye tablo. Hapo kuna jambo dogo lakini la kuumiza: kamiyo nyingi za okazyo zinatoka Ulaya, na tablo yake bado inasema Kiholanzi ao Kijerumani. Onyo linakuja, shofere anaona maneno, anafikiri ni habari za mafuta. Lugha inaweza kubadilishwa kwenye menyu, na Kifaransa kiko karibu kila mara. Fanyeni hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Namna ya kusogea kwenye mstari: acha nafasi ifunguke mbele, kamiyo moja ao zaidi, hata kama wa nyuma wanapiga honi. Halafu ondoka na vitesi ya 1 kwa mkono, acha ambreyaji ifunge kabisa, enda mpaka mwisho wa nafasi, simama na fre. Kwenye mwinamo usishike kamiyo kwa gazi ili isirudi nyuma. Shika kwa fre. Tatizo ni kwamba ukiacha nafasi ya kamiyo moja pale Kasumbalesa, kuna mtu ataingia ndani yake, na huo si ufundi wa bwate tena, ni mambo ya polisi wa barabara.

Basi nani alikosa? Kama ni mstari, mara nyingi ni mguu wa shofere, lakini mguu ambao hakuna mtu aliyeufundisha. Patro aliyempa mtu funguo za Actros baada ya miaka 15 ya Howo, bila hata nusu siku ya kuelezwa, yuko na sehemu yake. Na si kila ambreyaji inaungua kwa sababu ya mguu. Ambreyaji mpya ikishawekwa, ordinatere lazima ifundishwe upya ni wapi inaanza kushika, na garaji isiyo na mashini ya kuunganisha inairuka hatua hiyo. Hewa ikivuja, pistoni haisukumi mpaka mwisho. Kabla ya kukata mshahara, patro aombe mekanisye asome kumbukumbu za ordinatere: mara nyingi joto la ambreyaji limeandikwa humo, na makosa mengine pia.

Kitu kingine kinachoua bwate hizi hapa kwetu ni poste ya kusudia. Shasi imepasuka, fundi anakuja, anasudia hapo hapo barabarani, umeme unapita ndani ya waya za ordinatere, na kesho kamiyo haiingizi vitesi. Batri zikatwe, plagi za ordinatere zitolewe, na waya wa masi ufungwe karibu kabisa na pale panaposudiwa.

Kwa wenye Prado, Hilux na pikapu zinazovuta remorke ya mahindi kutoka shambani: bwate yenu ya mafuta haina diski inayoungua kwenye mstari, lakini mafuta yake yanachemka. Konvertisere inapoteleza, joto linaingia kwenye mafuta, na bwate inayobadili-badili kati ya vitesi mbili za juu kwenye kilima inachemka haraka zaidi. Kile kitufe kilichoandikwa O/D kwenye kijiti, ambacho wengi hawajawahi kukigusa, kinaondoa vitesi ya mwisho. Ukivuta ao ukipanda, kibonyeze mpaka taa ya O/D OFF iwake. Ukifika tambarare na bila mzigo, kirudishe. Kile cha PWR kinafanya bwate ingoje zaidi kabla ya kupandisha vitesi. Pikapu za Marekani kama Ford F-150 ziko na kitufe cha kuvuta remorke kinachofanya hayo yote pamoja, na pia kinashusha vitesi ukigusa fre kwenye mteremko. Na mafuta ya bwate, kama yamekuwa meusi na yananuka kuungua, garaji ikikuambia "hayo hayabadilishwi maisha yote", tafuta garaji nyingine.